Kisima Kisichotapika

"Huo uchafu ni wa marehemu mumeo, na unajua fika," Learco Bregoli alikuwa akisema kutoka upande wake wa ua wa miti, sauti juu ili hata nyumba ya tano wapate habari. "Sasa unanikodolea macho mimi ya nini?"

"Nakukodolea kwa sababu ndiyo silaha pekee niliyobaki nayo," Bi Zelinda Malaguti akamjibu. "Ningekuwa na miaka sitini, saa hizi ungekuwa unaokota meno."

Marshali Nives Ardizzoni alikuwa ameegesha gari nyuma ya lundo la matofali lililokuwa mnara wa kanisa, na hakuwa na haraka ya kujitokeza. Miaka ishirini na sita ya upolisi ilikuwa imemfundisha kwamba majirani wanaogombana husema ya maana kabla ya kumwona askari, na wakishamwona ni uongo mtupu. Akasimama, akasikiliza.

Learco alisema kijiji kizima cha Dosso kinamjua Nerino Malaguti, mchinjaji wa nguruwe, aliyezunguka ua hadi ua na visu vyake kwa majira arobaini ya baridi. Je, takataka za hao nguruwe wote alizipeleka wapi kama si chini ya ua wake mwenyewe? Ardhi imetikisika, imerudisha mali kwa mwenyewe. Bi Zelinda akasema yeye mwenyewe ndiye aliyemfunga Learco huyo huyo nepi wakati mama wa mtoto amelazwa hospitali, na tangu siku hizo alikuwa mtoto anayenuka kuliko wote Dosso. Watu wawili waliokuwa wakipita na mikokoteni wakasimama kabisa ili wasikose kitu. Learco hakucheka. Alisema maneno yatakwisha saa kumi alasiri, nyumba itafungwa kwa utepe, na bibi ataenda hemani kama binadamu wengine.

Hapo Bi Zelinda akanyamaza. Ukimya huo ndio uliomtoa Nives nyuma ya matofali, maana karatasi ya kuifunga nyumba ilikuwa mfukoni mwake.

Ilikuwa siku ya sita tangu tetemeko. Karatasi ilitoka kwa mkuu wa afya wa wilaya, na chini yake kulikuwa na majina ya wakazi waliolalamika, la kwanza likiwa la Learco Bregoli. Ilisema ua wa mjane una mabaki ya wanyama yanayooza; kwamba atolewe ifikapo saa kumi; kwamba kisima chake kijazwe zege kesho asubuhi. Nyumba yenyewe ilikuwa moja kati ya mbili tu kwenye Dosso zilizobaki bila ufa. Mwenyewe alikuwa na miaka themanini na mmoja, na alishamwambia kila mwenye masikio kwamba akitolewa pale hatarudi hai. Nives hakuona kama ni kitisho cha bure. Wiki hiyo alikuwa ameandika vifo vya wazee wawili waliofia mahemani, na wote wawili ugonjwa wao ulikuwa ni kuhamishwa.

Akaingia uani, na harufu ikampokea kabla ya mtu.

Katika nyua nyingine za Dosso mchanga uliotoka ardhini ulikuwa wa kijivu, laini, msafi, umejikusanya katika vichuguu vidogo vyenye tundu juu. Hapa ulikuwa umefurika kutoka kisimani kama uji uliosahauliwa jikoni, na ndani ya huo uji mlikuwa na michirizi ya mafuta meusi, nywele ngumu zilizosimama wima kama za brashi, na kitu ambacho Nives alikidhania glavu hadi alipokigeuza kwa kalamu. Kilikuwa ngozi. Nzi walikuwa wengi kiasi kwamba walikataa kuruka. Akajipaka dawa ya mafua chini ya pua, akavaa glavu zake, akaanza kukusanya: kipande cha ngozi, namba moja, kwato na mguu hadi kifundoni, namba mbili, nywele, namba tatu. Kila kimoja na mfuko wake, kila mfuko na mahali pake kwenye mchoro wa ua.

"Njoo na kwangu uone, Marshali," Learco akamwita juu ya miti. Uso wake ulikuwa mpana, umenyolewa vizuri, uso wa mtu asiyelala hemani. "Hata kijiko cha mchanga hakijatoka. Uani kwangu hata chakula unaweza kukila chini, bila sahani."

Akaongeza kwamba anawahurumia akina mama wa kambini, maana upepo unapeleka uvundo huu hadi kwenye meza. Na meza hiyo, kila mtu alijua, ilikuwa yake. Tangu siku ya kwanza alikuwa akipeleka nyama uwanja wa mpira, yalipopigwa mahema, bila kuulizwa: mchuzi, soseji, mbavu, watu mia tatu mchana na jioni. Padri alikuwa amemtaja kwenye misa. Nives mwenyewe alikuwa amekula sahani tatu wiki hiyo, na ya jana aliifuta kwa mkate.

Alimketisha Bi Zelinda kwenye benchi, upande upepo unakotoka, akamuuliza moja kwa moja kama mumewe aliwahi kuzika takataka za machinjo hapa.

Bibi alitazama mifuko. "Nipe huo wa pili."

"Ni ushahidi, Bi Zelinda."

"Sitaki kuula. Nataka kuuona."

Nives akauinua. Bibi akausogeza uso karibu bila kukunja pua.

"Una kwato," akasema.

"Naona."

"Huoni. Wewe umezaliwa wapi? Kwa akina Ardizzoni wa darajani, si ndiyo? Kilomita sita. Na bado huoni. Hebu niambie, mchinjaji akimaliza kumchoma nguruwe kisu, anafanya nini kwanza?"

Nives akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa amesimama katika ua kama huu kila Januari ya utoto wake, miguu imeganda, mikono kwenye mvuke. Alikijua kitu hicho kama anavyojua njia ya kwenda shule. Kwanza ni maji yanayochemka. Nguruwe anamwagiwa, anaparuliwa nywele hadi abaki mweupe kama mtoto mchanga, na kwato zinang'olewa kwa kulabu zikiwa bado moto. Baada ya hapo hakitupwi kitu. Ngozi inasagwa kwa soseji ya kuchemsha, damu inapikwa, masikio na mkia vinaenda kwenye supu, kibofu kinapulizwa kama puto na kutundikwa kikauke kwa ajili ya soseji kubwa ya Krismasi. Bi Zelinda alimkumbusha yote hayo polepole kama anayemfundisha mwali, na akamalizia kwamba Nerino alikuwa akirudi nyumbani na visu, na kikapu cha alichopewa, na ndoo ya maji machafu. Mchinjaji anayeacha nywele kwenye ngozi au kwato mguuni asingeitwa ua wa pili.

"Kwa hiyo huyu hakuchinjwa," Nives akasema.

"Hakuna kisu kilichomgusa. Huyu alikufa mwenyewe, Marshali, na aliyemtupa hakutaka kumtazama mara mbili."

Nives akaandika hilo, kisha akaandika saa: nne na dakika arobaini.

Wafugaji wa nguruwe kwenye Dosso walikuwa wawili tu. Mmoja Learco, mwenye nguruwe mia mbili daftarini. Wa pili ndugu wawili wa Grandi, mwisho wa barabara, ambao tangu zamani watu waliwasema kuwa ni wachafu, hawaoi, hawafui, na wanaongea na wanyama kuliko na watu. Nives alianza na hao, maana mtu mwenye sifa mbaya ndiye anayepaswa kuondolewa mapema kwenye orodha ya washukiwa. Aliwakuta shambani, ambako tangu tetemeko walilala na nguruwe wao kumi na wawili chini ya turubai moja, kila nguruwe na cheti chake cha daktari ndani ya boksi la biskuti. Hakuna aliyepungua. Kisima chao kilikuwa kimejaa mchanga safi hadi mdomoni, na ndugu mkubwa alikuwa akiutukana mchanga huo kwa majina ya watu anaowafahamu. Nives akawaomba radhi kimoyomoyo na kugeuza gari.

Aliporudi kwa Bi Zelinda alimkuta mtu amepiga magoti kando ya kisima. Alikuwa Dina Forlani, mtaalamu wa ardhi kutoka chuo kikuu, mwanamke mrefu mwenye tope hadi mapajani, ambaye tangu Jumatatu alikuwa akizunguka akipima matundu na kuombwa na kila mtu aseme lini litakuja jingine.

Nives alimuuliza kitu ambacho Dosso nzima ilikuwa ikikiuliza: imekuwaje? Hapa si milimani. Hapa mabibi walizoea kusema matetemeko ni ya watu wa kusini.

Dina hakujibu kwa maneno. Akaazima ndoo, akaijaza mchanga na maji hadi maji yakapotea ndani, akaweka tofali juu. Tofali likakaa imara kabisa. Akaipiga ndoo teke moja, si la nguvu. Mchanga ukalegea, tofali likazama nusu, maji yakapanda juu yake.

"Halikuhitaji teke kubwa," akasema. "Mchanga ukishashiba maji, ukitikiswa, chembe zinaachana, na maji ndiyo yanabeba mzigo wote. Kwa sekunde hizo si ardhi tena. Ni uji, na uji ukibanwa unatafuta pa kutokea."

Na mchanga wa Dosso ulishiba maji kwa sababu Dosso ni kingo ya mto. Mto Reno ulipita hapa kabla haujahamishwa, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, ukaacha tuta refu lililoinuka kidogo juu ya tambarare. Mababu wakajenga juu ya tuta, nyumba moja moja kama shanga, ili mafuriko yasiwafikie, na kila nyumba ikachimba kisima chake. Waliogopa maji yanayotoka juu. Chini walikuwa wameukalia mto mzima. Bomba la serikali lilipofika, hakuna aliyejishughulisha kufukia kisima. Waliweka kifuniko, wakaweka na chungu cha maua, basi.

Dina alikuwa na ramani. Visima kumi na kimoja, kimoja kila nyumba. Kumi vilikuwa na alama nyekundu, ya kisima kilichotapika mchanga.

Nives aliweka kidole kwenye kile kisicho na alama, cha Learco. "Huyu amenusurika kwa nini?"

"Sijui. Nilibisha mlango, akaniambia hana kisima."

"Inawezekana kunusurika?"

"Kwa mita kumi na tano? Hapana. Mchanga ni uleule, maji ni yaleyale, msukumo ni uleule. Ama kisima hakipo, ama kimezibwa kwa kitu kizito. Na kama kimezibwa, msukumo wake umekwenda kwa jirani." Akainuka, akamwonyesha ufa. Ulianza mdomoni mwa kisima cha Bi Zelinda, mpana wa kiganja, ukapita chini ya ua wa miti, ukaelekea moja kwa moja kwenye banda la Learco. Pembezoni mwake nywele za nguruwe zilikuwa zimenata kama kwenye sinki la kinyozi.

Nives alikuwa ameupita ufa huo mara tatu asubuhi hiyo, akiwa ameinama, akikusanya vilivyotoka na asiulize vimetokea upande gani. Alijisikia vibaya kidogo. Kisha akapiga simu kwa zimamoto waje na mashine ya kuinulia, akaenda kwa Learco akale chini, kama alivyoalikwa.

Ua ulikuwa msafi kweli. Umefagiwa, mistari ya fagio inaonekana. Learco alimtembeza kwa fahari, akafungua mabanda. Nguruwe walikuwa kama sitini, wamejikunyata upande mmoja.

"Daftarini una mia mbili," Nives akasema.

"Na wewe ulikuwa unakula nini wiki nzima, Marshali? Karatasi?"

"Kisima chako kiko wapi?"

"Sina. Babangu alikifukia nikiwa mdogo."

"Mwongo," ikasema sauti ya Bi Zelinda kutoka ng'ambo ya miti, bila kupandishwa. "Kiangazi kilichopita ulikuwa unanyweshea nyanya kwa pampu yake."

Nives hakugeuka. Alikuwa akitazama sakafu ya banda la chakula. Sehemu moja saruji yake ilikuwa nyeupe kuliko sakafu nyingine, na juu yake yalipangwa mapipa sita ya pumba, yamejaa, yamebanana mahali pamoja wakati banda zima lilikuwa tupu. Akaegemeza bega, akasukuma la kwanza. Chini yake kwenye kona, kulikuwa na maandishi yaliyochorwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi: herufi mbili, L na B, na mwezi na mwaka. Mtu wa tambarare hii hamwagi saruji bila kuitia saini. Baba yake alifanya hivyo, babu yake alifanya hivyo, mkono unajiendea wenyewe hata pale mwenye mkono angetaka usijue kuandika.

"Februari mwaka huu," Nives akasoma. "Babako alifariki lini, Bwana Learco?"

Learco alisema panya walikuwa wanaingia. Alisema baridi ilikuwa imepasua sakafu. Alisema mengine ambayo Nives aliyaandika yote, kwa kuwa kesho yatakuwa tofauti.

Zimamoto walifika saa nane na nusu. Walikata saruji, wakakuta chini yake kifuniko cha zege, wakakifunga minyororo, mashine ikavuta. Kilipopanda kiasi cha mkono, kitu kama pumzi kikatoka. Yule fundi wa mashine, mtu aliyekuwa amefukua maiti nne wiki hiyo bila kubadilika uso, aliacha usukani, akaenda ukutani, akatapika. Dina akarudi nyuma hadi akagonga pipa.

Nives alisogea, kwa kuwa lazima mmoja wao asogee. Kisima kilikuwa kimejaa. Nguruwe walikuwa wameshindiliwa kichwa chini, miguu juu, wakakanyagwa ili waingie wengi, na tetemeko lilikuwa limewapondaponda kutoka chini dhidi ya kile kifuniko hadi isijulikane kiungo kipi ni cha yupi. Ukuta wa matofali upande wa Bi Zelinda ulikuwa umepasuka, na kupitia hapo, polepole, bado walikuwa wanavuja. Wote walikuwa wamekatwa masikio. Mfugaji anajua namba za zizi zinabandikwa wapi.

Aliwahesabu waliohesabika, akapiga picha, akatoka nje akavuta hewa isiyosaidia.

"Walikufa kwa nini?"

Learco alikuwa ameketi juu ya ndoo. "Ugonjwa unaanza na mmoja," akasema. "Wanaharisha damu. Ukimwita daktari wa mifugo wanakuja na magari, wanaua zizi zima, hata walio wazima. Kazi ya maisha yangu, Marshali. Ningefanyaje?"

"Bibi huyu alikuwa anamwagilia bustani kwa kisima chake. Dosso nzima imekula mboga zake."

"Sikujua kama kuna njia chini kwa chini. Nani alijua?"

"Ulijua kabla ya leo. Ulikusanya majina ya walalamikaji ili kisima chake kijazwe zege kabla mtu hajachungulia."

Learco aliinamisha kichwa. Alikuwa akitazama viatu vyake vilivyong'aa.

"Na uliowapeleka kambini?" Nives akauliza. Aliuliza taratibu, kwa kuwa hakutaka jibu.

"Wale walikuwa wazima."

"Wote?"

Learco akafikiri. Hilo ndilo Nives alilolikumbuka baadaye, kwamba alichukua muda, akafikiri, kama mtu anayetaka kuwa mkweli. "Karibu wote," akasema.

Nives akapiga simu kambini, akaambiwa na mpishi mkuu kwamba chakula cha mchana kilikwisha zamani, watu wameomba hadi mchuzi wa chini ya sufuria, na Bwana Learco aambiwe asante. Nives akasema kilichosalia kimwagwe, daktari aitwe, na mtu yeyote anayeumwa tumbo aandikwe jina. Mpishi akauliza kwa nini. Nives akakata simu. Kisha akafungua daftari, na jina la kwanza aliloliandika likawa lake mwenyewe.

Saa kumi kamili alasiri, alisimama barabarani kati ya malango mawili na utepe mwekundu na mweupe mkononi. Askari wawili walikuwa wamekwisha kumwingiza Learco kwenye gari. Majirani walikuwa wamejipanga upande wa pili, wale wale waliotia sahihi zao chini ya jina lake, na kila mmoja sasa alikuwa na habari kwamba yeye tangu zamani alimshuku. Hakuna aliyemtazama Bi Zelinda usoni. Mmoja alikuwa ameshika tumbo.

Nives alitoa ile karatasi, akaandika upande wa nyuma kwamba haikutekelezwa kwa sababu chanzo cha uchafu ni ua wa jirani, kwamba kisima cha mjane ni ushahidi na kisiguswe, akatia saa na sahihi. Kisha akaufunga utepe kwenye lango la Learco, mizunguko minne, na muhuri.

Alipogeuka, Bi Zelinda alikuwa mlangoni pake, aproni safi, mlango wazi nyuma yake. Nyumba nzima, dari juu ya kuta, meza ikiwa imetandikwa. Kwa siku sita karibu Dosso nzima ilikuwa ikila chini ya turubai. Nives aliinua macho, akaitazama boriti juu ya mlango, kisha akalitazama tope lililomganda mikononi.

"Wanajeshi wameweka bomba la maji safi hapo pembeni, nawa," bibi akasema. "Halafu uingie ule."

"Bi Zelinda, leo sidhani kama tumbo..."

"Tambi na maharage," akasema, akimshika kiwiko. "Ingia, mwanangu. Hamna nyama."